Nani aliunguza ordinateri yetu? Maelezo juu ya konekta iliyoungua

Leo nawaletea habari ya tundu moja la plastiki ambalo upana wake haufiki hata milimita 5. Hilo tundu karibu livunje urafiki wa watu watatu waliosoma pamoja, na lilitukulia pesa ambazo hatukuwa nazo. Nitaeleza namna tulivyotafuta ugonjwa, namna tulivyotengeneza, na kwa nini watu wawili wa kwanza waliotusaidia walikosea. Nitaweka hesabu kidogo. Msiogope, ni ile ya darasa la fizikia ya sekondari.

Sisi watatu tulimaliza masomo hapa Bukavu mwaka mmoja. Mimi fizikia, mwingine uchumi, wa tatu lugha. Kazi ya ofisi ilikuwa haionekane, basi tukachanga pesa, tukafungua sekretaria publiki ndogo upande wa Kadutu: ordinateri moja ya meza, ya okazio, imprimanti moja, na mashini ya fotokopi tuliyokodi. Wateja wetu ni wanafunzi. Wakati wa kutoa TFC tunalala saa saba ya usiku, na hiyo njo miezi inayolipa kodi ya nyumba kwa mwaka mzima.

Mashini ilianza kusumbua katikati ya kiangazi. Ukichapa maandishi, haina neno. Ukifungua muziki, haina neno. Lakini ukiskani kurasa mingi na kuiambia igeuze zile picha kuwa maandishi, inazima puu! kisha inajiwasha yenyewe. Mara nyingine kulikuwa harufu, kama mtu ameweka sahani ya plastiki karibu na makaa. Tulisema ni jirani anachoma taka.

Siku ya Alhamisi kuranti ilikatika saa sita ya mchana. Mwenzetu wa lugha ndiye alikuwa zamu. Alitoka kwenda kula bila kuvuta fishi ku prizi. Kuranti ikarudi, naye akarudi, akabonyeza: feni ikazunguka sekunde mbili, ikasimama. Tena vile vile. Dada mmoja alikuwa anangojea TFC yake ya kurasa 78, na mwisho wa kuiweka kwa sekretari wa kitivo ulikuwa kesho yake asubuhi. Tulitoa diski tukakimbia nayo kwa jirani mwenye mashini, tukachapa huko usiku. Dada aliokoka. Mwenzetu hakuokoka. Tulimhukumu siku ile ile: «Wewe njo uliacha fishi. Kuranti ilirudi na nguvu, ikachoma mashini.» Tukamlipisha. Dola 25 za alimantasio mpya zilitoka ku mfuko wake.

(Kwa wasiojua: alimantasio ni lile sanduku la chuma lenye feni, nyuma ya mashini, linalopokea volti 220 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti ndogo: 12, 5 na 3.3. Kutoka humo zinatoka nyaya za rangi. Njano ni volti 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3, nyeusi ni ya kurudishia.)

Fundi wa kwanza aliweka alimantasio mpya. Mashini iliwaka. Tulifurahi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, wakati wa kuskani, ikazima puu! na harufu ikarudi. Sasa jirani hakuwa anachoma kitu.

Fundi wa pili aliangalia dakika tano, akasema: «Wandugu, kartimeri ilishakufa. Kuranti iliikula ndani. Mtafute ingine, dola 90 na kazi yangu.» Kartimeri ndiyo ule ubao mkubwa ambao vitu vyote vinachomekwa juu yake. Hatukuwa na dola 90. Mwenzetu wa lugha alikuwa ameshaacha kuja kazini. Alisema ana homa.

Ni hapo nilipopata haya kidogo. Mimi niliyefundisha sheria ya Ohm kwa watoto wa sekondari wakati wa staji, nilikuwa sijashika hata multimetri mara moja tangu hiyo mashini ianze kuugua. Niliazima moja, ya dola 7, ile ya njano inayouzwa ku soko.

Kwanza nilifanya kitu ambacho mafundi wote wawili walipaswa kufanya mbele ya kusema neno: kutazama. Karibu na prosesa kuna konekta ndogo ya matundu 4, nyaya mbili za njano na mbili nyeusi. Hiyo njo inayolisha prosesa peke yake. Matundu matatu yalikuwa na rangi ya kawaida. La nne, la waya wa njano, lilikuwa la kahawia, na ukingo wake umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Waya wake umekauka, ukiukunja unalia.

Kumbuka kwamba hiyo alimantasio ilikuwa mpya, ya siku kumi na mbili. Ile ya zamani ilikuwa bado chini ya meza. Niliitoa, nikaangalia konekta yake ya matundu 4. Tundu lile lile. Kahawia, limeyeyuka zaidi. Alimantasio mbili tofauti, kuungua kumoja, mahali pamoja. Hapo hata mtu asiyesoma fizikia anaanza kujiuliza: kama mgonjwa ni alimantasio, kwa nini mpya nayo imeugua kwenye kidole kile kile?

Nikapima ya zamani ikiwa nje ya mashini. Namna ya kufanya: fishi ikiwa imevutwa, unachukua ile konekta kubwa, unaunganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi, unachomeka diski moja nzee ili iwe na kazi kidogo, kisha unaweka fishi ku prizi. Waya wa kijani ndiyo unaoamuru alimantasio iamke. Ikaamka. Njano: 12.1. Nyekundu: 5.04. Chungwa: 3.33. Kanuni inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani kwa volti 12 unakubali kati ya 11.4 na 12.6. Alimantasio tuliyoitupa ilikuwa nzima! Dola 25 za mwenzetu zilikuwa zimenunua kitu ambacho hatukuhitaji.

Lakini namba nzuri hapo hazitoshi, na hili wengi hawalijui. Mguso mbaya hauonekani kama hakuna kuranti inayopita. Ni kama daraja lililooza: likiwa tupu unaliona limesimama vizuri. Kwa hiyo nikarudi kwa alimantasio mpya, ikiwa imechomekwa ku kartimeri na mashini inafanya kazi. Ncha nyeusi ya multimetri niliiweka ku chuma cha kasha. Ncha nyekundu niliiingiza nyuma ya konekta, pale waya wa njano unapoingia, hadi iguse chuma. Nikasoma 12.06. Kisha nikaihamisha upande wa pili wa konekta, ku kartimeri, ku ile bobini ya shaba iliyo karibu na hayo matundu 4. Kati ya konekta na bobini hakuna kitu kingine, ni njia ya shaba tu. Nikasoma 11.90. Volti 0.16 zilikuwa zimepotea ndani ya sentimita moja.

Nikaanzisha kazi ya kugeuza skani kuwa maandishi. Upande wa waya: 12.02. Upande wa bobini: 11.38, kisha namba zikaanza kuruka, 11.2, 10.9, na mashini ikazima. Harufu nayo ikaja. Nilipogusa konekta, nilirudisha kidole haraka.

Sasa ile hesabu niliyowaahidi. Prosesa yetu ni ya wati 95. Gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea 8. Ikiwa imepumzika, kwa kuchapa tu, tuseme inakula ampea 2. Nyaya za njano ni mbili, basi zikiwa nzima kila moja inabeba nusu, ampea 4. Joto linalotoka mahali pa mguso ni kuranti mara kuranti mara ukinzani, ile kanuni ya Joule tuliyoimba shuleni. Mguso mzuri una ukinzani mdogo sana. Chukua omu 0.005. Basi 4 mara 4 mara 0.005 ni wati 0.08. Hakuna kitu, hata nzi hasikii.

Yetu ilikuwa vipi? Pini moja ilikuwa imeshaacha kugusa kabisa, na ya pili ikabeba mzigo wote ikiwa nayo inaanza kuharibika. Volti 0.16 zikipotea kwa ampea 2, ukinzani ni omu 0.08. Wakati wa kuchapa: 2 mara 2 mara 0.08, yaani wati 0.32. Inavumilika. Wakati wa kuskani: 8 mara 8 mara 0.08, zaidi ya wati 5. Kazi imeongezeka mara 4 lakini joto limeongezeka mara 16, na lote liko ndani ya kipande cha chuma kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndiyo maana mashini ilikuwa inachapa vizuri na kufa wakati wa kazi nzito. Hakuna uchawi pale.

Na jambo hili linajilisha lenyewe. Ndani ya tundu la konekta mna kichuma kinachobana pini kama mtu anayeshika kidole. Kikipata joto, kinalegea. Kikilegea, kinagusa sehemu ndogo zaidi, na uso wake unapata kutu nyembamba nyeusi. Ukinzani unapanda. Joto linapanda. Kinalegea zaidi. Kazi ya wiki na miezi, kisha siku moja plastiki inaanza kuyeyuka.

Utauliza kwa nini tundu la njano ndilo lililoungua na si leusi, wakati kuranti inayokwenda ndiyo inayorudi. Nilijiuliza vile vile. Jibu ni kwamba kuranti ya kurudi ina njia nyingi: nyaya nyeusi za konekta kubwa, hata skurubu zinazoshika kartimeri ku kasha. Ya kwenda ina nyaya mbili tu za njano, basi.

Sasa turudi kwa mshitakiwa. Kuranti ya ukutani ikirudi na nguvu kubwa, kwa kawaida inaumiza kwanza mlango inaoingilia: fizibli ya alimantasio na vipande vya upande wa volti 220. Yetu ya zamani haikuwa na kidonda hata kimoja upande huo. Tena pigo la namna hiyo ni la mara moja. Halichagui tundu moja kati ya manne na kulipika polepole mpaka liwe kahawia. Na kama mnafikiri ni shida ya kuranti ya kwetu, mwaka 2022 nchi ambazo kuranti haikatiki zilijaa picha za konekta mpya za kadi kubwa za michoro zilizoyeyuka. Konekta ile imewekewa kikomo cha wati 600: kwa volti 12 ni ampea 50, zikigawanywa kwa pini 6. Zaidi ya ampea 8 kwa kila pini! Hapo mguso mmoja ukiwa mbaya, au fishi isipoingia mpaka mwisho, moto hauchelewi. Ugonjwa ni ule ule wetu, tajiri na masikini.

Na kwa nini ilikataa kuwaka siku ile kuranti ilipokatika? Mashini ilikuwa ya moto tangu asubuhi. Ilipozimwa, ile plastiki iliyolainika ikapoa, chuma kikajikunja, mguso uliokuwa unashikilia kwa shida ukaachana. Ingetokea hata kama angevuta fishi. Ingetokea hata mimi nikiwa zamu. Fundi wa kwanza alipoweka konekta mpya, kichuma chake kipya kilibana ile pini iliyoungua kwa nguvu, ikagusa kidogo, tukapata siku kumi na moja. Lakini pini ya upande wa kartimeri ilikuwa bado nyeusi, na pini nyeusi inaunguza kila konekta unayoiletea. Hilo njo kosa kubwa ninaloliona kila mahali: mtu anabadilisha upande mmoja tu. Kuungua kuna pande mbili, tundu na pini, na ukiacha mmoja unarudi pale pale.

Kartimeri yenyewe haikuwa imekufa. Ilikuwa na njaa.

Kutengeneza sikufanya peke yangu. Kuna mzee mmoja anatengeneza redio na televisheni tangu wakati sisi hatujazaliwa. Nilimpelekea ubao, nikamwambia: «Papa, shikamoo. Naomba unisaidie kubadilisha hii konekta.» Aliiangalia na kioo chake, kimya, muda mrefu. Kisha akasema: «Kijana, hii ni kazi ya uvumilivu. Hapana leta haraka yako hapa.»

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza, hatukuvuta. Plastiki iliyoyeyuka inashika pini, na ukivuta kwa nguvu unang'oa pini pamoja na pete ya shaba ya ubao. Hapo umeharibu kweli. Mzee alikata plastiki ya konekta ya alimantasio kipande kwa kipande kwa koleo dogo, mpaka nyaya zikatoka zenyewe. Kisha akakata plastiki ya upande wa ubao, zikabaki pini nne zimesimama uchi. Akazitoa moja moja: chuma cha kusude chini, kibano juu. Pini mbili za njano zilitoka haraka. Zile mbili za kurudishia zilikuwa kichwa ngumu, kwa sababu zimeungana na bamba pana la shaba ndani ya ubao ambalo linakunywa joto lote. Chuma chake cha wati 30 kilishindwa. Alichukua kikubwa, cha wati 80, akaongeza etani mpya kwanza ili joto lipite vizuri. Kama mtajaribu nyumbani na kile chuma cha dola 3, mtakwama hapo hapo, na kukwama huku unabonyeza ndiyo njia ya kung'oa pete.

Matundu yakasafishwa kwa pampu ya kunyonya etani. Kisha akafanya kitu ambacho nisingekifikiri: alikwangua ubao kuzunguka lile tundu kwa ncha ya wembe, mpaka weusi wote ukaisha na rangi ya ubao ikaonekana. «Makaa inapitishaka kuranti,» alisema. «Ukiyaacha, njano na nyeusi zitazungumza.» Akasafisha na alkoli. Nikapima kati ya tundu la njano na la nyeusi: hakuna kilio. Vizuri.

Konekta ya kuweka tuliitoa ku kartimeri iliyokufa kweli, yenye pini zinazong'aa. Upande wa nyaya tulichukua konekta kutoka alimantasio iliyokufa, ikiwa na nyaya zake za sentimita 15, nene sawa na zetu. Hapa msicheze: waya mwembamba wa redio hautoshi kwa ampea 4 zinazopita saa nzima. Waya wetu uliopata joto ulikatwa mpaka mahali shaba inapong'aa kama mpya; shaba nyeusi haishiki etani. Tulisokota, tukasude, kila kiungo kikiwa mahali tofauti na mwenzake ili visigusane, tukavika ile mirija myembamba inayosinyaa kwa joto. Skochi ya umeme hapana. Ikipata joto gundi inateleza, na baada ya mwezi unaikuta imehama.

Kuna mafundi wanaosude nyaya moja kwa moja ku ubao bila konekta. Siwachekeshi. Inafanya kazi, na kama pete ya shaba imeng'oka inaweza kuwa njia pekee iliyobaki. Lakini baada ya hapo huwezi tena kutenganisha alimantasio na ubao bila chuma cha kusude, na anayekuja nyuma yako atakulaani.

Jambo moja ambalo hatukufanya, na nawaomba msilifanye: hatukufungua sanduku la alimantasio. Ndani yake mna vikopo vinavyoshika karibu volti 310 hata baada ya kuvuta fishi. Haviui ordinateri. Vinaua mtu.

Tukaunganisha: njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi, tukitazama picha niliyopiga mbele ya kukata. Konekta ikaingia mpaka ikalia klik. Nikaanzisha kazi ya skani ya kurasa 200, nikapima. Upande wa waya 12.05. Upande wa bobini 12.03. Baada ya nusu saa nikaweka kidole: uvuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa. Mzee alipokea dola 12 kwa kazi na vipande. Linganisha na 90.

Niongeze haraka kwa wale ambao konekta yao iliyoungua si hii. Kama ni ile kubwa ya matundu 24, angalia kwanza njano mbili na zile za rangi ya chungwa. Wenye kadi ya michoro isiyo na waya wake, kadi hiyo inaweza kunywa hadi ampea 5.5 za volti 12 kupitia konekta hiyo kubwa, na alimantasio nzee hazifurahii. Kama ni ya diski, zile adapta za bei ndogo ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya ni hatari kwa namna nyingine: ndani nyaya mbili zinaweza kukaribiana mpaka zikagusana, na hapo moto unatoka kwenyewe. Hizo hazitengenezwi. Kata, tupa.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka. Wakati ninamlipa mzee, aliniuliza: «Hii fishi, mnaivutaka mara ngapi?»

Nikamjibu kwa majivuno: kila Jumamosi. Kiangazi vumbi ya Kadutu ni mingi, na mimi njo mwenye kusafisha. Kila Jumamosi, kwa miezi mitano, nilikuwa navuta konekta zote, natoa alimantasio nje, napuliza vumbi, narudisha.

Alinitazama bila kusema. Kisha akachukua konekta mpya iliyobaki, akachomeka pini ndani yake, akaitoa, akachomeka, akaitoa, mara kama kumi, akanipa nijaribu. Mara ya kwanza ilikuwa inabana. Sasa ilikuwa inaingia kwa urahisi. Konekta hizi hazikutengenezwa kuvutwa kila wiki. Kichuma chake chenye bati kinahesabiwa kwa makumi ya mara, si kwa mamia, na kila mara kinaacha bati kidogo na nguvu kidogo. Mimi nilikuwa nimeshafika mara ishirini. Nina hakika pia kwamba Jumamosi nyingine, kwa haraka, sikungojea ile klik.

Nilimpigia mwenzetu wa lugha jioni ile ile. Nilimweleza yote, na omu, na wati, na kanuni ya Joule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Yaya, ile fizikia yako sikuielewa. Dola zangu 25 nimezielewa.»

Tulimrudishia kwa mafungu mawili, 15 halafu 10. Alimantasio ya zamani tuliivika konekta mpya tukaiuza dola 14. Yeye alirudi kazini Jumatatu, akaja na kalamu nene ya kuandikia makatoni. Mbele ya kuwasha mashini aliandika juu ya kasha, kwa herufi kubwa: JUMAMOSI USIGUSE NDANI. Chini yake akaandika jina langu.

Vumbi napuliza bado, lakini kwa nje, kasha likiwa wazi na fishi ya ukutani imevutwa, bila kugusa konekta hata moja. Mara moja kwa mwezi, katikati ya kazi nzito, naweka mgongo wa kidole ku plastiki ya zile nyaya za njano. Ikiwa uvuguvugu, nafunga kasha. Mpaka leo ni uvuguvugu.